Masafa ya Walii

Ramlo Bare alikuwa mwepesi wa kusamehe. Aliwasamehe wanafunzi waliochelewa, aliwasamehe walioiba chaki, alimsamehe hata mwalimu mkuu aliyezoea kumwita "kasichana" mbele ya walimu wenzake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulisamehe tangu akiwa mtoto mchunga mbuzi kwao Wajir, nalo ni kuamuliwa mambo yake na mtu mwingine, kana kwamba yeye ni mzigo unaongoja kupakiwa. Sakariye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Garissa. Ndiyo maana kwa alilolifanya Jumamosi ile ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nne, sioni wa kumtetea.

Isitoshe, halikuwa kosa lake la kwanza. La kwanza lilikuwa la picha. Sakariye alikuwa na studio ndogo karibu na soko, na mwaka mmoja kabla ya hapo Ramlo alikwenda kwake kupigwa picha nne za pasipoti za faili lake la ualimu. Picha nne zikapigwa. Ramlo akainuka, mtandio ukamteleza kidogo begani, akacheka kwa sababu kiti kilikuwa kinalia kama paka. Sakariye akabonyeza mara ya tano. Ile ya tano akaikuza, akaitia fremu, akaitundika dirishani, na kwa wiki tatu kila aliyepita kununua sukari au betri alimwona mwalimu Ramlo akicheka. Madereva wa malori ya Wajir nao walimwona. Habari zikamfikia baba yake, Mzee Bare, kwenye zizi lake la ngamia kabla hazijamfikia binti mwenyewe.

Ramlo alikwenda studio kugombana. Ugomvi ukachukua saa nzima, akarudi kesho yake kuumalizia, haukwisha, akarudi tena. Picha ilishushwa siku ya kwanza, lakini ziara hazikukoma, na miezi sita baadaye Sakariye alituma wazee Wajir kuposa. Mzee Bare akawapa chai, akawapa nyama, akawapa jibu: mtu aliyemtundika binti yake barabarani hatamwingiza nyumbani kama mke. Wazee wakatumwa mara ya pili. Mara ya pili walipewa chai tu.

Basi Jumamosi ile Ramlo alitoka nyumbani akiwa tayari ana hasira. Alimkasirikia baba yake kwa ugumu wake, alimkasirikia Sakariye kwa picha ya tano, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alipomwona Sakariye amesimama langoni mwa kanisa la misheni na kamera shingoni, moyo ulimwenda mbio kama wa msichana wa darasa la saba.

"Umechelewa," alimwambia.

"Nimefika kabla yako, Ramlo."

"Basi umewahi mno. Twende."

Kazi yenyewe ilikuwa ya shule. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na Ramlo, mwalimu wa historia, aliamua kuwaonyesha watu nyumba za ibada za kale za mji wao: kanisa la misheni, chumba cha ibada cha Wahindi wa dukani, na Msikiti wa Kisimani uliojengwa na wachuuzi wa ngamia. Shule ilimkodi Sakariye kupiga picha. Na kwa kuwa mwanamke asiyeolewa hazunguki mjini na mwanamume hivi hivi, Eddo Rukiyo, shangazi yake Ramlo aliyekaa mtaa wa Galbet, dada wa Mzee Bare, alikuja nao kama mlinzi. Eddo alikuwa mnene, hakupenda kutembea, wala hakuona kwa nini watu wapige picha mahali ambapo Mungu anapaona bila picha.

"Mimi kanisa hapana ingia," alimwambia Sista Benedeta aliyetoka kuwapokea. Kisomali chake kilikuwa kitamu, lakini Kiswahili alikitumia kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Nabumzika hapa kifulini. Nyinyi enda, biga bicha, rudi haba haba."

"Karibu sana, mama. Nitakuletea maji," alisema Sista, mtu wa Meru aliyekwisha kukaa Garissa miaka mingi hata akajua kusalimia Kisomali.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Ramlo aliandika: kuta za mawe ya mto, madirisha membamba, kengele iliyoletwa kwa lori. Sakariye alipiga picha madhabahu, akapiga kisima cha ubatizo. Halafu akasimama mbele ya ubao wa matangazo uliokuwa na karatasi yenye majina mawili, la mwanamume na la mwanamke.

"Sista, hawa ni akina nani?"

"Ni wachumba. Tunawatangaza Jumapili tatu mfululizo. Mtu mwenye pingamizi analisema mbele ya watu wote."

"Na kama baba wa msichana hataki?"

"Atasimama aseme. Nasi tutaketi naye tuzungumze." Sista akacheka. "Huku hatuozeshi watu kwa kunyemelea, kijana."

Ramlo akainua macho kutoka kwenye daftari. Sakariye alikuwa mtu wa kukutazama usoni mpaka ukainama wewe. Sasa alikuwa amejificha nyuma ya kamera, akipiga picha ukuta usio na kitu.

Kwa Mzee Kantilal mambo yakawa yale yale. Nyuma ya duka lake la vitambaa, kupita marobota ya khanga, kulikuwa na chumba kidogo alichokitengeneza babu yake, kina taa za samli, maua ya karatasi na harufu ya udi ambayo Eddo aliisifu bila kutaka. Mzee akawaeleza Ramlo na Sakariye habari za taa na za babu. Ramlo aliandika haraka. Sakariye akamkatiza.

"Na harusi, mzee? Zilifungwa humu?"

"Moja tu. Dada yangu. Sisi nazunguka moto mara saba, halafu baba naweka mkono ya binti ndani ya mkono ya bwana."

"Baba akiwa mbali je? Mbali sana?"

Mzee Kantilal akamtazama kama mteja anayeomba bei isiyowezekana. "Sisi nangoja yeye, bas. Lori nachelewa, sisi nangoja. Bila baba, nani nataoza?"

Walipotoka nje kwenye jua, Ramlo hakungoja hata Eddo amalize kuvaa viatu.

"Sakariye, leo una nini?"

"Nina nini?"

"Mimi nauliza nani alijenga, mwaka gani, mawe yalitoka wapi. Wewe unauliza harusi. Kanisani harusi, kwa Kantilal harusi. Na umenyoa. Na umejipaka uturi. Picha za ukuta zinapigwa kwa uturi tangu lini?"

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. "Mtu akioga ni kesi?"

"Nijibu."

"Ramlo." Alilitamka jina lake taratibu, jinsi alivyozoea, na Ramlo akachukia jinsi lilivyomshuka moyoni. "Mara mbili nimetuma wazee. Mara mbili wamerudi vichwa chini. Unataka nifikirie nini nikiona wachumba wa watu kwenye ubao? Nafikiria wewe. Nikilala nafikiria wewe, nikiosha filamu nafikiria wewe. Basi niache niulize harusi za watu, kwa kuwa yangu haipo."

Ramlo alitazama mikono yake Sakariye, vidole vilivyobadilika rangi kwa dawa ya kuoshea filamu, akatamani kuvishika kati ya barabara, mbele ya Eddo na wauza mirungi na dunia nzima. Hakuvishika. Alikunja uso akasema, "Twende msikitini, jua linapanda," na wakaenda.

Msikiti wa Kisimani ulikuwa mdogo, wa chokaa nyeupe, na baraza yenye nguzo nne upande wa mashariki. Kwenye baraza palitandikwa mkeka mpya. Juu ya mkeka palikuwa na sahani ya tende, sahani ya halua, na msahafu juu ya kisimamio chake. Sheikh Dekow alikuwa ameketi, mzee mwenye ndevu za hina na sauti ya upole, na pembeni yake wanaume wawili. Mmoja Ramlo hakumjua. Wa pili alikuwa Guleid, muuza spea za magari, rafiki wa Sakariye wa tangu utotoni. Guleid alijibu salamu akiangalia vidole vyake vya miguu.

Ramlo alifikiri ni ukarimu. Alivua viatu, akaketi upande wa pili wa nguzo karibu na Eddo, akafungua daftari. "Sheikh, Mungu akulipe kheri kwa kutupokea. Nilitaka kujua kwanza kisima, kama kilichimbwa kabla ya..."

"Wewe ndiye Ramlo binti Bare?" Sheikh alimuuliza.

"Ndiye mimi."

"Mashaallah. Kijana huyu ameniambia mmeafikiana. Ameniambia baba yako yuko Wajir, mbali kupita masafa ya sheria, naye ameombwa mara mbili akakataa bila sababu ya kisheria. Mimi siozeshi mtu kwa maneno ya mwingine. Nataka nisikie kwa kinywa chako. Je, unanipa ruhusa niwe walii wako badala ya baba yako, nikuozeshe kwake, mbele ya mashahidi hawa wawili?"

Hakuna msichana wa kwao asiyejua ndoa ya masafa. Baba akikataa, mnasafiri wawili mpaka mfike mahali ambapo umbali wenyewe unamtoa baba katika kazi yake, shehe anashika nafasi yake, na mnarudi mkiwa mke na mume. Mulki, binti wa adeer yake, baba mdogo wa Ramlo, aliolewa hivyo kule Masalani. Ilikuwa imetimia miaka minne, na mamake Mulki akitajiwa jina la binti yake huinuka akaenda kukamua mbuzi, hata kama wamekwisha kukamuliwa.

Ramlo alitazama tende. Alitazama halua. Ikamjia kwamba mtu alikwenda dukani akachagua halua ile, akapima, akaifunga, akijua ni ya harusi ya Ramlo, na Ramlo mwenyewe hakuwa na habari.

"Sakariye," alisema kwa sauti ya chini. Wanafunzi wake waliijua sauti ile. Akipiga kelele walicheka, akishusha sauti namna hii walitafuta pa kujificha. "Inuka. Simama pale ninapokuona."

Sakariye akasimama.

"Nani aliafikiana nawe?"

"Ramlo, nisikilize. Wewe unakaa Garissa. Baba yako yuko Wajir, maili mia mbili. Hatuhitaji hata kusafiri. Masafa yako tayari. Nilikaa siku moja nikaona, kumbe mlango umekuwa wazi muda wote na sisi tumesimama nje tunalia."

"Sijakuuliza maili. Nimekuuliza, nani aliafikiana nawe?"

Mtu yule asiyejulikana alianza kuokota kofia yake.

"Unanipenda," alisema Sakariye. "Uliniambia mwenyewe."

"Nilikwambia! Na nilidhani nimemwambia mtu. Kumbe nimeliambia dirisha." Sasa alikuwa amesimama, na sauti ilikuwa imepanda. "Mara ya kwanza ulinitundika barabarani bila kuniuliza. Nikasamehe. Nikasema ni fundi wa picha, mkono ulimtangulia akili. Leo umeita shehe, umeita mashahidi, umenunua halua, umenileta hapa na kalamu mkononi kama punda anayeenda kisimani! Ulishindwa nini kuniuliza? Kutoka kanisani mpaka hapa umeuliza watu wote harusi zao. Umemuuliza Sista, umemuuliza Kantilal. Mimi tu ndiye hukuniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa!"

Neno likamtoka, akajaribu kulimeza, likawa limekwisha kusikika. Hata Guleid alifumba macho.

"Ulijua ningekataa," Ramlo alisema taratibu, "ukaja hivyo hivyo."

"Sikuwa na njia nyingine."

"Sheikh," Ramlo akamgeukia mzee, "sikupi ruhusa. Siolewi leo. Nisamehe kwa kupaza sauti katika nyumba hii."

Sheikh Dekow alikuwa ameufunga msahafu. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Wewe ndiye unisamehe, binti yangu. Huyu aliniambia uongo, nami nikatandika mkeka juu ya uongo wake." Akamtazama Sakariye mpaka yule kijana akainama. "Na nilikuwa nitakuapisha kwa Mwenyezi Mungu kwamba walii yuko mbali. Ungeapa?"

"Ningeapa. Hilo ni kweli, sheikh. Yuko Wajir."

Hapo ndipo Eddo Rukiyo, aliyekuwa hajasema neno tangu wafike, alipopiga mapaja yake kwa viganja viwili.

"Yuko Wajir!" alisema kwa Kisomali chake kitamu. "Nani kakwambia yuko Wajir? Kaka yangu alishuka kwenye lori jana jioni. Amelala kwangu. Sasa hivi yuko Galbet anakunywa chai, hata nikipiga ukelele mkubwa atausikia!"

Sakariye akamgeukia Eddo. Mtu aliyepiga hesabu za maili kwa wiki nzima alikuwa amesahau jambo dogo ambalo kila mwenye ngamia analijua, kwamba baba si kisima, baba ana miguu. Masafa hupimwa kutoka pale alipo mwenyewe, si kutoka alipo na zizi lake. Lau Ramlo angesema ndiyo, ndoa ile isingekuwa ndoa, na yeye angelala usiku huo katika nyumba ya mwanamume ambaye si mumewe, dakika kumi kwa mguu kutoka kwa baba yake mzazi.

Ramlo alilifikiria hilo. Akashika nguzo.

"Eddo, mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema anataka kumwona huyu kijana kwa macho yake kwanza, bila wewe kujua, bila yeye kujua. Mimi ningejuaje kwamba leo mnakuja kuozwa? Mimi nimekuja kulinda picha!"

Sakariye alisogea hatua moja. "Ramlo, wallahi sikujua."

"Usiniapie. Ulikaribia kuapa sana leo." Macho yalikuwa yanamuuma lakini hakukubali kulia mbele ya Guleid. "Sasa nisikilize, maana hili nalisema mara moja. Tutakwenda kwa eddo, sisi sote. Utaingia, utamsalimia aabo, baba yangu, na utamwambia kwa kinywa chako ulilotaka kufanya leo. Usipomwambia, mimi sitamwambia, na eddo hatamwambia. Tutanyamaza. Lakini mimi na wewe itakuwa basi, na usije tena shuleni hata kama jengo zima linataka picha."

Eddo alifungua kinywa kupinga, akaona uso wa mpwa wake, akakifunga.

Mzee Bare alikuwa ameketi uani kwa dada yake, mrefu hata alipokaa, bakora imelala juu ya magoti, kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi. Ramlo alimbusu mkono. Alikuwa hajamwona kwa miezi minane, na ilimuuma kwamba furaha ya kumwona imechanganyika na kitu hiki kingine.

"Aabo, umekonda."

"Barabara ndiyo imenikondesha." Macho yake yalikuwa yamekwisha kumpita binti yake na kumfikia kijana aliyesimama mlangoni na kamera shingoni. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," alisema Eddo.

"Waryaa, wewe kijana, ingia. Asubuhi nimekwenda dukani kwako nikakuta umefunga. Nikasimama dirishani." Akanywa chai kidogo. "Niliambiwa binti yangu ameshushwa. Nikataka kuona umeweka nini mahali pake. Nimekuta ngamia jike."

"Ndiyo, aabo," Sakariye alisema kwa sauti iliyokauka.

"Uliyempiga ni wa nani?"

"Wa mtu wa Balambala. Alikuja kumuuza mnadani."

"Ni ngamia mzuri. Watu wakipiga picha ngamia hupiga nundu. Wewe umepiga miguu na kiwele, mahali ambapo mnunuzi hutazama. Nimesimama pale mpaka wenye maduka wakaniletea kiti." Mzee akaweka kikombe chini. "Nikasema moyoni, labda huyu mtu ana macho. Labda alikosa mara moja kwa ujana. Kaa. Rukiyo, mpe chai."

Ramlo alisikia kila neno. Tangu posa ya kwanza alikuwa amengoja kusikia maneno hayo. Wazee walikuwa wametumwa mara mbili kuyatafuta wakarudi bila, na sasa yalikuwa yamemwagika uani bure kwa sababu ya kiwele cha ngamia. Kilichobaki kwa Sakariye kilikuwa kukaa tu na kupokea kikombe. Eddo, akiinua birika, alimkonyeza kwa nguvu: kaa, nyamaza, kunywa.

Sakariye alimtazama Ramlo. Ramlo hakumpa ishara yoyote, si ya kichwa wala ya jicho. Moyoni mwake alikuwa anamwomba aseme na anamwomba anyamaze, yote mawili kwa pamoja.

Sakariye hakukaa.

"Aabo, chai yako siistahili. Leo asubuhi nilimpeleka Ramlo Msikiti wa Kisimani. Nilimwita shehe na mashahidi. Nilitaka kumuoa kwa masafa. Nilidhani uko Wajir. Yeye hakujua lolote, nilimdanganya yeye na nikamdanganya shehe. Yeye ndiye aliyekataa. Angekubali, tungekuwa tumekwisha."

Mzee Bare aliinuka polepole, na kila alivyoinuka uso wake ulizidi kuwa mweusi.

"Umekuja nyumbani kwa dada yangu," alisema, "umesimama mbele yangu, unaniambia ulikwenda kumwiba binti yangu?"

"Ndiyo, aabo."

Bakora ikapanda. Eddo akalia, "Bare!" Sakariye hakurudi nyuma wala hakujikinga. Alivua tu kamera shingoni akaiweka chini, isije ikavunjika, na hata kwa hasira aliyokuwa nayo Ramlo aliona kwamba hilo lilikuwa la kijinga na lilikuwa lake kabisa.

"Aabo, ngoja," alisema. "Shusha. Deni lake ni kwangu kwanza."

Bakora ilibaki hewani. "Kwako?"

"Wewe alikuficha jambo. Mimi ndiye niliyekuwa jambo lenyewe. Nimeamuliwa na yeye kwa halua, na wewe umeniamulia mara mbili kwa chai, mkakaa na wazee mkaniongea mpaka mkashiba. Ni nani kati yenu amewahi kuniuliza? Aabo, uliniuliza?"

Hakuna binti aliyewahi kumwambia Mzee Bare maneno kama hayo, naye alimtazama kama anayeona ng'ambo ya mto mahali ambapo hakujua pana watu. Bakora ikashuka, si kwa haraka.

"Sikukuuliza," alisema.

"Basi niachie mimi huyu." Akamgeukia Sakariye. Hasira yake haikuwa imepungua hata chembe. Ilikuwa imepata tu mahali pa kukaa. "Umesikia kule kanisani. Jumapili tatu, majina mbele ya watu wote. Wewe hukumsikiliza Sista, ulikuwa unapiga picha ukuta. Mimi nilisikiliza. Shule zikifungwa nitakuwa nyumbani, Wajir. Utakuja mara tatu. Si wazee, wewe. Utakuja mchana, watu wakiwepo, utasimama mbele ya hooyo, mama yangu, na aabo na majirani, na utaniuliza mimi. Mara ya kwanza nitakataa, ujue mapema. Mara ya pili sijui. Mara ya tatu nitakupa jibu langu la mwisho, na likiwa hapana utalichukua urudi nalo Garissa."

"Mara tatu?" alisema Eddo. "Barabara ile? Na majambazi?"

"Ataungana na msafara wa malori kama watu wengine."

Mzee Bare alikaa tena. Alichukua kikombe chake, akakikuta kimepoa, akakinywa hivyo hivyo. "Wakati mimi namposa mama yako," alimwambia binti yake, "baba yake alinirudisha mara moja tu, nikaona nimeonewa." Kisha akamtazama Sakariye, na sauti ikawa ngumu. "Kama utakuja, uje. Chai ya kwangu hutapewa mpaka yeye aseme upewe. Maji utapewa, maana maji hayanyimwi mtu."

"Nitakuja," alisema Sakariye. Alikuwa anamtazama Ramlo usoni, kama zamani, na safari hii Ramlo hakuinama wala yeye hakuinama. "Ramlo, nilikosa. Si kwa sababu baba yako alikuwa hapa. Hata angekuwa Mandera ningekuwa nimekosa."

Lilikuwa neno sahihi, na Ramlo alichukia kwamba lilimfikia. Aliinama akaokota kamera pale chini, akaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akamkabidhi bila kugusa vidole vyake.

"Niiache hii Garissa nikija?" Sakariye aliuliza.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumuuliza kitu kabla ya kukitenda. Ramlo alimfanya angoje, na Eddo akangoja, na hata Mzee Bare akawa amesimamisha kikombe.

"Mara mbili za kwanza iache," alisema. "Ya tatu njoo nayo. Nikikubali, nitakaa nitakavyo mimi, nitakwambia bonyeza, nawe utabonyeza mara moja. Na picha hiyo itatundikwa chumbani kwa hooyo. Sasa nenda kasafishe filamu za watu, kazi ya shule inaningoja."